BAADA YA SAA NANE: mtoto wako anajua, lakini je, anaweza kukitumia anachojua?

SEHEMU YA 1

Wiki hii sitaongelea uji wala kunyonyesha. Naleta kesi yangu mwenyewe, na mkosaji ndani yake ni mimi. Someni mpaka mwisho, maana mwishoni kuna kazi ya kufanya nyumbani leo leo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo kimoja kidogo huku huku pwani yetu ya Kilwa. Sitakitaja. Jioni moja, saa kumi na moja hivi, akaja mama na mtoto wa kiume wa miaka mitatu, mwili unachemka. Tukampima kwa kipimo cha haraka, malaria. Kumpima uzito, kilo kumi na tatu. Dalili za hatari hana. Dawa yake ni ile ya mseto, ALu: kidonge kimoja kwa dozi, dozi sita kwa siku tatu. Cha kwanza akanywa pale pale mbele yangu, vitano nikaviweka kwenye kibahasha.

Foleni ilikuwa imefika nje. Nikaandika juu ya bahasha haraka haraka: "ALu. Kidonge 1. Baada ya saa 8." Mengine nikayasema kwa mdomo: baada ya hapo ni asubuhi na jioni mpaka viishe, na apewe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Nikauliza, "Mama, umeelewa?" Akajibu, "Ndiyo, nesi." Nikaita mwingine.

Kuna swali moja sikuuliza: nani atampa dawa huyu mtoto?

Sasa zilikuwa siku za bamvua. Mliokulia pwani mnajua, maji yakitoka mbali wanawake wanashuka mwambani kutafuta pweza, na bamvua haimngoji mtu. Yule mama alikuwa na watoto wa kulisha. Kesho yake alfajiri akamwachia kazi binti yake wa darasa la tano. Bibi alikuwepo nyumbani, lakini macho yake hayaoni maandishi. Akampa binti ile bahasha, akamwambia, "Fuata alivyoandika nesi."

Siku ya tatu usiku wakarudi. Mtoto ana degedege.

SEHEMU YA 2

Kwanza niwatoe wasiwasi: mtoto alipona. Namsifu sana yule mama, kwa sababu huku kwetu wapo ambao bado wanaanzia kwa mganga wakiona degedege, wanasema ni mambo ya shetani, na usiku mzima unapotea. Yeye alimbeba moja kwa moja mpaka kwetu. Tukampima sukari, tukamwanzishia sindano ya artesunate, tukapambana naye mpaka kunakucha.

Alipotulia ndipo nikamgeukia dada yake. Alikuwa amekaa chini ukutani, kanga ya mama yake imemfunika mpaka kichwani. Nikamuuliza kwa ukali, nakiri, "Mdogo wako hukumpa dawa?"

"Nilimpa."

"Bahasha iko wapi?"

Akaitoa. Ndani vidonge vitatu. Kwa saa ile kingetakiwa kimebaki kimoja tu.

"Sasa hivi ni nini?"

Akaninyooshea bahasha kwa kidole. "Umeandika baada ya saa nane. Kila siku nilikuwa nangoja saa nane ifike, ndiyo nampa."

Mama, hebu soma tena maneno yangu. Mimi nilimaanisha yakipita masaa manane. Dozi ya kwanza alikunywa saa kumi na moja jioni, kwa hiyo ya pili ilikuwa apewe saa saba usiku, mtoto aamshwe. Yeye alisoma Kiswahili kama anavyokijua: saa nane ni saa nane, mchana, jua likianza kupinda, wenzake wanatoka shule. Akamnyima mdogo wake dawa usiku kucha na asubuhi yote, akiwa na hakika anafuata maagizo. Kesho yake akafanya vile vile. Yale ya "asubuhi na jioni" niliyoyasema kwa mdomo yaliondoka na mama yake kwenda mwambani.

Nilikuwa bado sijataka kukubali. Nikamwambia, "Shuleni hamfundishwi malaria?" Akasimama wima kama yuko mbele ya mwalimu, akaanza: "Malaria huenezwa na mbu jike aina ya anofelesi. Dalili zake ni homa, kutetemeka, kuumwa kichwa na kutapika. Njia za kujikinga ni kulala ndani ya chandarua chenye dawa, kufukia madimbwi..." Ingekuwa mtihani, angepata alama zote. Na mdogo wake amelala pale na sindano mkononi.

Siwezi kuapa kwamba zile dozi zilizochelewa ndizo zilizoleta degedege peke yake. Lakini najua nilichokiandika.

SEHEMU YA 3

Toka siku ile nimejifunza kutenganisha vitu viwili. Kuna elimu ya afya, yaani kile mtoto anachofundishwa. Halafu kuna uelewa wa afya, yaani uwezo wa mtoto kuitafuta habari ya afya, kuielewa, kuipima kama ni kweli, na kuitumia pale inapohitajika. Yule binti elimu alikuwa nayo. Nilichokifanya mimi ni kuuangusha uelewa wake kwa maneno matatu.

Mtaalamu mmoja anaitwa Don Nutbeam aliandika mwaka 2000 kwamba uelewa huu una ngazi tatu, na mimi huwa naueleza hivi kliniki. Ngazi ya kwanza ni kusoma na kufuata: vidonge vingapi, saa ngapi. Ya pili ni kuuliza na kuongea: kumwambia mama, mwalimu au nesi kinachokusumbua, na kuuliza pale ambapo hujaelewa. Ya tatu ni kuchuja: kusikia neno mtaani au kwenye simu ukajiuliza, hili limetoka wapi?

Wenzetu wanaupima kwa watoto. Kule Finland, Leena Paakkari na wenzake walitoa mwaka 2016 kipimo kifupi cha maswali kumi kwa wanafunzi wa miaka 13 na 15. Mtoto anasoma sentensi kuhusu anachoweza kufanya juu ya afya yake, anachagua ni kweli kiasi gani, kuanzia si kweli hata kidogo mpaka kweli kabisa. Ni kipimo kizuri, hakichukui muda, na kinagusa zaidi ya kukariri: kinagusa kuchuja habari, kujijua mwenyewe, hata kuwajali wengine.

Lakini kila nikikifikiria namkumbuka binti yangu wa darasa la tano. Ningemuuliza, "Unaweza kufuata maelekezo ya dawa?" angejibu "kweli kabisa". Mama yake naye nilimuuliza "umeelewa?" akasema ndiyo. Wote wawili hawakunidanganya. Mtu aliyeelewa vibaya hajui kwamba ameelewa vibaya, ndiyo maana swali la "umeelewa?" halipimi chochote. Tunaliuliza sisi manesi ili tuite mtu wa pili kwenye foleni.

Ndiyo maana siku hizi nasema, "Mama, nionyeshe utakavyofanya ukifika nyumbani." Na kama nyumbani mtoa dawa ni mtoto mkubwa, nasema aje naye, anionyeshe yeye. Inachukua dakika mbili. Mara nyingi dakika hizo mbili ndizo zinanionyesha nilipoharibu mimi.

SEHEMU YA 4

Sasa msije mkadhani watoto hawajui kitu. Wakati mwingine wanajua kuliko sisi, tatizo hakuna anayewauliza.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kule Kilosa mkoani Morogoro, watafiti walitaka kujua ni vijiji gani vina kichocho kingi. Kupima mkojo wa kila mtoto ni gharama. Wakawapa walimu karatasi za maswali, wawaulize wanafunzi: wamewahi kuumwa nini siku za karibuni, je, kuna damu kwenye mkojo, je, kuna kichocho? Baadaye mkojo ukapimwa. Shule ambazo watoto wengi walisema wanacho ndizo zilizokutwa nacho kwa wingi. Matokeo yakachapishwa mwaka 1991, na njia hiyo ya kuwauliza watoto ikajaribiwa kwenye nchi nyingine za Afrika. Mtoto alikuwa anaujua mwili wake. Kilichokosekana ni mtu mzima wa kuuliza bila kumtisha.

Hilo linatuhusu sisi moja kwa moja, maana kichocho cha mkojo kipo pwani hii ya Lindi. Hakitoki baharini. Kinatoka kwenye maji baridi yenye konokono: madimbwi, mabwawa, vijito, majaruba ya mpunga. Mtoto anaoga, anachota maji, anavua kambare, vijidudu vinapenya kwenye ngozi. Na mimi nimewasikia wavulana kwa masikio yangu wakisema damu kwenye mkojo ni dalili ya kukua, yaani ndiyo unakuwa mwanaume. Wanacheka. Wengine hawasemi kabisa mpaka waanze kuumwa tumbo la chini.

Kwa wasichana ni kubwa zaidi. Mayai ya kichocho yanaweza kukaa kwenye njia ya uzazi yakaleta muwasho, maumivu, uchafu, hata damu isiyo ya mwezi. Yakiachwa miaka yanaweza kuchangia ugumba. Mama anaona nguo ya binti wa miaka 14, kinachomjia kichwani ni kimoja tu, anaanza kwa kipigo. Nimeshawahi kumpokea binti wa namna hiyo, shavu limevimba, na mama yake nje hataki hata kuniangalia. Binti alikuwa analima mpunga na bibi yake tangu mdogo. Tulipoongea peke yetu akasema, "Nilijua ni ugonjwa, nesi, ila sikujua nitaanzaje kusema." Ile ngazi ya pili ya kuuliza na kuongea alikuwa ameifikia. Nyumbani hakukuwa na wa kumsikiliza.

Dawa za kichocho na minyoo zikija shuleni, wakipimwa urefu kwa ile fimbo, mwache mtoto ameze, na ale kabla. Lakini usingoje shule. Muulize wewe.

SEHEMU YA 5

Ngazi ya tatu, ya kuchuja, ndiyo inayowapiga vijana wetu siku hizi, kwa sababu simu imefika hata kwenye madau.

Chukueni chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14, dozi moja tu. Siku tunakwenda shuleni kuchanja tunawakuta mabinti wamejificha chooni. Eti inafunga kizazi. Nani kasema? "Nimeona kwenye simu ya kaka."

Ukimkaripia umempoteza. Mimi huwa nawauliza maswali matatu: Aliyesema ni nani? Amejuaje? Anauza nini? Mnashangaa jinsi watoto wanavyochangamka. Binti mmoja alisema, "Yule wa kwenye simu anauza dawa ya kusafisha kizazi." Darasa zima likacheka. Sikuwa na haja ya kuongeza neno. Na mama, hapo ndipo unajua mtoto ameelewa, maana amefika mwenyewe.

Na msidhani mtoto ni wa kupokea tu. Mwaka 2013 mikoa yetu ya kusini, Lindi, Mtwara na Ruvuma, ilianza kupewa vyandarua kupitia wanafunzi: mtoto anatoka shule na chandarua mkononi, anakileta nyumbani. Hata London, mwaka 1978, David Morley na Hugh Hawes walianzisha mpango wa mtoto kumfundisha mtoto mwenzake afya, kwa sababu walishaona kwamba kwenye nchi nyingi anayelea mtoto mdogo mchana ni dada au kaka yake. Sisi pwani hilo hatukuhitaji kuambiwa. Ila tunasahau kumwandaa huyo dada.

SEHEMU YA 6: KAZI YA NYUMBANI

Mpime mwanao leo. Usifanye kama mtihani wala usimwambie "umefeli". Fanya kama mchezo mkiwa mnasubiri chakula kiive.

1. Mpe pakiti tupu ya ORS, mwambie, "Nionyeshe chombo utakachochanganyia." Aisome kwanza: nyingi ni za lita moja, zingine nusu lita. Akileta kikombe, umepata somo. Akileta ile chupa kubwa ya maji ya dukani, mwangalie kama anasoma, maana nyingi ni lita moja na nusu. Maji yakipungua, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mdogo wake. Maji yakizidi, dawa inakosa nguvu.

2. Mpe bahasha ya dawa, ya kwako au ya zamani. "Niambie kidonge cha pili kinaliwa saa ngapi, mchana au usiku?" Usikubali jibu la "baada ya saa kadhaa". Ataje saa, ahesabu kwa vidole. Na tuelewane: kama kuna mtu mzima, dawa atoe mtu mzima. Naandika hivi kwa sababu najua maisha yetu yalivyo.

3. Muulize, "Mdogo wako akiumwa na mimi sipo, ukiona nini utakimbilia kwa jirani muda huo huo?" Majibu ya kusikiliza: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki. Kisha aseme ni jirani gani. Mtoto anayezitaja dalili zote lakini hajui mlango wa kugonga bado hajamaliza.

4. Kwa aliyeanza kukua: "Ukiona damu kwenye mkojo, au kitu hukielewi mwilini, utamwambia nani?" Nyamaza umsikilize. Asipokutaja wewe usikasirike. Hapo aliyepimwa ni wewe, mama, si yeye.

5. Muulize jambo moja la afya alilolisikia kwenye simu wiki hii. Aliyesema ni nani? Amejuaje? Anauza nini?

Rudieni baada ya wiki mbili. Akibadilika kidogo tu, mmesonga.

Nimalizie na yule binti. Mdogo wake alilala wodini siku nne. Siku ya kutoka alitakiwa amalizie na dozi kamili ya mseto, nami nikataka kuonyesha nimejifunza. Cha kwanza nikampa mbele yangu saa mbili asubuhi. Juu ya bahasha sikuandika masaa tena. Nikachora jua, nikaandika "leo saa kumi jioni". Kwa siku zilizofuata nikachora jua na mwezi, jua kwa asubuhi, mwezi kwa usiku. Nikajiona fundi. Nikamwambia, "Haya, nionyeshe."

Akaangalia ile michoro muda mrefu. Kisha akasema, "Nesi, huu mwezi ni ukitoka tu, au ni saa ngapi? Maana mwezi hautoki saa moja kila siku. Siku nyingine unatoka usiku wa manane."

Mtoto wa pwani huyo, mwezi anaujua kwa sababu mama yake anauhesabu kwa ajili ya bamvua. Nikachukua kalamu, chini ya kila mwezi nikaandika "saa mbili usiku", chini ya kila jua "saa mbili asubuhi". Akaisoma yote kwa sauti kutoka juu mpaka chini, mama yake akisikiliza, bahasha ikaingia kwenye mfuko wa sare ya shule.

Alama za mtihani wake sikuziuliza. Lile swali lake la mwezi lilinitosha kujua kwamba dawa safari hii itatolewa sawa, na ilitolewa sawa.

Haya, mama zangu, kazi kwenu. Mkishampima mtoto, niandikieni hapo chini alileta chombo gani kwa ile pakiti ya ORS. Wangu mwenyewe, mtoto wa nesi, alileta jagi, akalijaza pomoni bila kusoma kitu. Tunaendelea.